Mbwa Aliyetafutiwa Nyumba

Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile askari wetu walipokwisha kurudi kutoka vita vya Bama. Sijawahi kuona mtu aliyependa soksi nyeupe kama yeye. Alizivuta hadi chini ya magoti, akazikunja juu, kisha akatembea polepole ili zionekane. Kazi yake ilikuwa kuwapa wachimbaji sululu na taa asubuhi na kuvipokea jioni, lakini ukimsikia akiisimulia ungedhani mashimo yote yangefukiwa siku atakayoumwa kichwa.

Mimi nilitoka kwa baba yangu, karibu na Kharumwa, nyumba ya ng'ombe na mtama. Uzazi wangu wa kwanza ulikuwa wa mapacha, wasichana wawili, na kwa hiyo kambi nzima iliniita Mama Mapacha. Kwetu kulikuwa na mbwa siku zote. Walikwenda machungani na ng'ombe, wakarudi nao jioni, wakala makoko ya ugali, wakalala nje. Hakuna aliyewabeba na hakuna aliyewauliza kama wamelala vizuri. Nadhani waliishi maisha ya heshima kuliko wale niliokuja kuwaona mgodini.

Pale mgodini alikuwako memsahibu, mke wa mzungu mkubwa wa mitambo. Hakuwa na watoto wala kazi. Wazungu wa mgodi walikuwa wakija na kuondoka, na walipoondoka waliacha mbwa wao nyuma kama mtu anavyoacha viatu vilivyotoboka. Memsahibu akawaonea huruma mbwa hao. Akamwambia mumewe, mumewe akawaambia mafundi, na mafundi wakaacha kazi ya kuezeka nyumba za wachimbaji wakamjengea nyumba ya mbwa nyuma ya bustani yake. Ilikuwa na bati jipya na sakafu ya saruji. Sisi wake za makarani tulikuwa tukikandika sakafu zetu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wachimbaji wa kawaida ndio usiseme, walilala kwenye vibanda vya nyasi, na mvua ikinyesha walihamia kwa jirani, naye jirani akahamia kwa mwingine.

Memsahibu aliwaita mbwa wale mayatima. Neno hilo alifundishwa na mpishi wake na alilipenda mno. Kila aliyepita njia ya bustani aliitwa aje kuwaona mayatima. Baadaye, walipozidi, alitangaza kupitia ofisini kwamba Mwafrika yeyote mwenye nyumba safi na tabia nzuri anaweza kupewa mmoja akamlee.

Mume wangu alirudi na habari hiyo mchana, akakaa mezani bila kugusa nsansa, majani makavu ya kunde niliyompikia.

"Nataka tuchukue mbwa kwa Memsahibu," alisema.

"Wa kuchunga nini? Hatuna hata mbuzi."

"Si wa kuchunga. Wa kukaa naye."

"Akae afanye nini?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia kipofu. "Ndiyo maana ninyi watu wa machungani hamwendi mbele. Memsahibu akiniona nampenda mbwa, Bwana Mkubwa atasikia. Akisikia, atajua karani wake ni mtu wa namna gani."

Bwana Mkubwa alikwisha kujua, lakini nilimsogezea mume wangu sahani yake.

Mbwa wenyewe hawakutolewa hivi hivi. Tuliitwa wote wawili, mume na mke, tusimame mbele ya nyumba ile ya bati siku ya Jumamosi. Mume wangu alivaa tai. Memsahibu alitoka na kofia pana, akatuzunguka, kisha akaanza kuuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Wewe napenda mbwa?"

"Sana, Memsahibu," alijibu mume wangu, ambaye tangu nimjue alikuwa akivuka barabara akimwona mbwa.

"Wewe hapana piga?"

"Kamwe, Memsahibu."

"Mbwa nakula nini kwako?"

Hapo alinigeukia mimi. Nikamwambia mbwa atakula tunachokula.

"Nyinyi nakula nini?"

"Ugali. Michembe ya viazi. Maharage. Nyama, tukipata."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hii mbwa lazima nyama kila siku. Kidogo tu, lakini kila siku."

"Atapata, Memsahibu," alisema mume wangu upesi. Wanangu wale wawili walikuwa wakiionja nyama Jumapili, na si kila Jumapili.

Haikutosha. Ilibidi Memsahibu aje aione nyumba. Alikuja na dereva wake. Mwenzangu mmoja aliniambia nisafishe, nikamwambia nyumba yangu husafishwa kila siku na sitaifagia mara mbili kwa ajili ya mnyama. Memsahibu aliingia bila hodi. Alifunua mtungi wa maji kwa ncha ya kidole, akachungulia, akafunika. Akauliza mbwa atalala wapi. Mume wangu akamwonyesha kona ya sebule, pembeni ya mkeka wa watoto. Mmoja wa mapacha alikuwa na kikohozi wiki ile na alikuwa amelala pale, amejifunika kanga yangu, macho yamemlegea.

Memsahibu aliinama, akamtazama mtoto, akainuka.

"Mtoto nakohoa," alisema.

Nikafikiri labda ataniambia niende hospitali ya mgodi. Wake za makarani tulipelekwa mara chache sana kule, na neno lake moja lingetosha.

"Mbwa hii kifua yake dhaifu. Hapana lala karibu na mtoto."

Mume wangu akasema ndiyo, Memsahibu, tutamhamisha mtoto. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba wale watu wawili wangeweza kuoana na wasigombane maisha yao yote.

Mbwa akaja. Alikuwa mdogo, hafiki goti langu, mweupe, sikio moja la rangi ya kahawa, mkia umekatwa ukabaki kama kidole gumba. Jina lake lilikuwa la kizungu na sikutaka kuuchosha ulimi wangu, nikamwita Mbwa. Mume wangu alilitamka kwa madaha, akiurefusha mwisho wake, na mbwa hakumwitikia hata siku moja.

Sijapata kuona kiumbe chenye nguvu za bure kiasi kile. Kulipopambazuka alikuwa ameshalizunguka ua mara nyingi kama anayefukuzwa. Alichimba. Alichimba chini ya mafiga, akachimba penye miche yangu ya nyanya, akachimba katikati ya mlango, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kutafuta. Aliruka juu ya kitanda, akaruka juu ya meza, akamrukia kila mgeni kifuani. Kuku wangu waliacha kutaga. Aliogopa ng'ombe, hilo nililiona mwenyewe siku kundi la mfugaji mmoja lilipopita njiani. Alijificha nyuma ya sketi yangu akatetemeka, kisha kundi lilipokwisha kupita akatoka akabweka kama aliyelifukuza yeye. Nikasema, kweli huyu na mwenye nyumba wamepatana.

Nyama aliyoahidiwa aliipata siku chache za mwanzo. Baada ya hapo mume wangu akaona uchungu, akaniambia nimzoeze ugali taratibu. Mbwa hakuhitaji kuzoezwa taratibu. Alikula ugali, akala michembe, akala ukoko, akala kipande cha sabuni. Kifua chake dhaifu sikukiona.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani kutoka Tabora, Mwislamu, mtu mtaratibu aliyeshona suruali za makarani wote. Mbwa aliingia kwake akavuta kanzu iliyoanikwa, akaizungusha uani kwa meno kama aliyepata mwenzake wa kucheza. Fundi alikuja kwangu akiwa ameishika kanzu ile kwa kijiti.

"Mama Mapacha, habari za hapa?"

"Nzuri, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na mdomo wa huyu mnyama. Hii ni nguo yangu ya kusalia."

Nikamwomba radhi, nikaifua ile kanzu mwenyewe kwa mchanga na maji mengi namna alivyonielekeza, tena na tena mpaka akaridhika. Mume wangu aliporudi nilimweleza aende akamwombe radhi mzee wa watu. Akasema Fundi hana ustaarabu, Ulaya mbwa huingia hata vitandani. Ulaya hakuwahi kufika hata kwa ndoto. Mwanza kwenyewe alifika mara moja, akaumwa tumbo.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mume wangu. Tukitoka kanisani alimfunga Mbwa mkanda wa ngozi aliopewa na Memsahibu, akamtembeza barabara kuu ya mgodi, kutoka ofisini mpaka kwenye kinu cha kusagia mawe, ili wazungu waliokaa barazani wamwone. Soksi nyeupe, kaptula iliyopigwa pasi, na mbele yake mbwa akivuta mpaka anakaba. Wachimbaji waliokuwa wakingojea posho walisimama kumtazama. Walikuwa watu wa kila pembe, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wanyamwezi, na hawakuwa na lugha moja wanayoijua vizuri wote, lakini kucheka walielewana.

Jumapili moja niliyoishuhudia mimi, panya alikatiza barabara karibu na kinu. Mbwa akaruka. Mume wangu alikuwa ameuzungusha mkanda mkononi mara mbili ili usionekane mrefu, na hakuwahi kuufungua. Chini ya kinu palikuwa na dimbwi la matope ya kijivu, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa. Mbwa alikuwa mwepesi, akapita juu juu. Karani akaingia mpaka kiunoni.

Wachimbaji walimtazama kwanza kwa heshima kabisa. Kisha mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye sahani yake ya posho mkononi, akamwambia kwa upole, "Pole, Karani. Kumbe na wewe unashuka shimoni."

Hapo ndipo walipocheka, na walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa na mapacha mkononi, huku na huku. Sikucheka pale. Nilicheka nilipofika nyumbani, nikafunga mlango nikacheka mpaka mbavu zikauma, na Mbwa, mwenye matope mpaka masikioni, akanirukiarukia akidhani ni mchezo wake na mimi.

Tangu siku hiyo upendo wa karani ukaisha. Hakumpiga, maana aliogopa habari kufika kwa Memsahibu. Alimfunga kamba kwenye mti wa uani, kamba fupi, akakataza asifunguliwe. Kiumbe kile kilichokuwa hakitulii kikawa kinazunguka mti mpaka kamba inaisha, kinakaa, kinalia. Mume wangu akienda kazini nilimfungua Mbwa, na alipokaribia kurudi nilimfunga tena. Sikufanya hivyo kwa mapenzi. Kelele zilinichosha, na aliyezaliwa kwenye ng'ombe hawezi kumwangalia mnyama aliyejinyonga nusu akaendelea kuchambua mboga.

Mpishi wa Memsahibu akapita njia yetu siku moja akamwona amefungwa. Maneno yakafika juu. Asubuhi, siku ya mapumziko, gari likasimama mlangoni. Mume wangu aliliona kupitia dirishani. Aliniambia, "Mwambie sipo," kisha akasimama nyuma ya mlango wa chumba, soksi zake zikionekana kwa chini.

Memsahibu alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mti. Alipiga magoti mavumbini akamkumbatia Mbwa, na machozi yakamtoka. Nilisimama na mwiko wangu nikamtazama. Nilikuwa nimemwona mtu huyohuyo akipita kando ya machela ya mchimbaji aliyevunjika mgongo, akageuza uso kwa sababu ya harufu.

"Mimi nachukua mbwa," alisema akiinuka. "Nyinyi watu hapana jua penda. Nyinyi nazaa, nazaa, hapana weza tunza. Kitu ndogo kama hii hapana weza."

Wanangu walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama, wameshikana mikono.

Sikuwa nimempenda yule mbwa. Memsahibu angemtaka siku iliyotangulia, ningempa pamoja na mkanda wake na kumshukuru. Lakini maneno yale yaliniingia mahali. Niliweka mwiko chini, nikafungua kamba, nikambeba Mbwa kama mtoto, mara yangu ya kwanza kubeba mbwa duniani, naye akanilamba shingo.

"Hapana," nilisema. "Huyu ulitupa. Kitu ukishampa mtu si chako tena."

"Nini?"

"Hutamchukua, Mama. Ulikuja ukakagua nyumba yangu, ukafunua maji yangu, ukasema inafaa. Basi inafaa."

Nilimwita Mama makusudi, kama ninavyomwita mwanamke yeyote. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mimi nasema na bwana yako!"

"Sema naye. Yuko nyuma ya mlango."

Dereva akageuka upande wa gari akajifanya anafuta kioo. Memsahibu alitazama mlangoni, akaziona soksi. Aliingia garini.

Mume wangu alitoka nyuma ya mlango. Akasema nimemuua, kazi imekwisha, tutarudi kulima viazi. Nikamwambia viazi havimdai mtu avae tai. Wiki chache baadaye, hofu ilipomzidi, alikwenda kumwangukia Memsahibu, akangojea barazani asubuhi nzima na kofia mkononi. Memsahibu alipotoka, alimpita na mkasi wa kukatia maua, akamuuliza yeye ni nani. Wakati huo alikuwa amepata waridi kutoka Nairobi na mayatima walikuwa wakilishwa na mtunza bustani. Hakukumbuka mbwa, hakunikumbuka mimi, na hakumjua mume wangu kwa sura. Nilipomwona anarudi nyumbani, sikujua kama amefurahi kwa kuokoa kazi au ameumia kwa kutojulikana. Nadhani aliumia.

Msimu wa pamba ulipofika habari zikaenea kwamba mzungu wa mitambo amemaliza mkataba na wanarudi kwao. Makasha yakafungwa. Vyombo vikauzwa kwa Wahindi. Mume wangu alikwenda kusaidia kuhesabu makasha na akarudi kila jioni akisifia vikombe. Nikamuuliza mbwa watakwenda na nani. Akasema Memsahibu atakuwa amepanga.

Alikuwa amepanga. Asubuhi ya kuondoka kwao, nikiwa napepeta mtama, nilisikia bunduki upande wa bustani. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Mbwa aliingia chini ya kitanda. Fundi cherehani alitoka nje na futi yake shingoni, akasimama kwenye ua wetu mpaka bunduki ilipokoma. Mtunza bustani alitusimulia baadaye kwamba mbwa walitolewa mmoja mmoja kwa mkanda, nao wakatoka wakirukaruka, wakidhani wanapelekwa kutembea. Bwana ndiye aliyepiga. Memsahibu alikaa chumbani na mapazia yameshushwa.

"Subhanallah," alisema Fundi. "Si angetuuliza tu?"

Kabla ya jua kupanda sana gari lao likasimama kwangu. Memsahibu alishuka, macho yamevimba, akanyoosha mikono. Alitaka kumuaga Mbwa. Mume wangu, ambaye siku hiyo hakujificha, alikwenda chini ya kitanda mwenyewe, akamvuta kwa ngozi ya shingo, akamleta. Memsahibu akambusu kichwani.

"Hii moja iko na bahati," aliniambia. "Mimi nampatia yeye nyumba nzuri."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa safi kabisa. Nikasema, "Safari njema," nikamchukua Mbwa nikaingia ndani. Huku nyuma nilimsikia mume wangu akimshukuru kwa yote aliyotufanyia, na gari lilipokwisha kuondoka bado alikuwa amesimama akipunga mkono.

Aliponifuata ndani alisema, "Amefanya la busara. Angewaachia nani?"

Nilimpa mgongo nikaendelea na mtama wangu, na nadhani niliendelea kumpa mgongo huo miaka mingi, ingawa nilimpikia, nikamfulia, na nikamzalia wengine watatu.

Baadaye tulihamia Kahama, akapata ukarani kwenye ghala la pamba, tukapanga nyumba mtaa wa Nyahanga. Mbwa alikuja nasi juu ya lori, kichwa nje ya turubai, akibwekea kila kilichosimama. Kule alipata kazi aliyoiweza, kuua panya, na alizunguka kwenye maghala ya majirani wakamwita kwa mluzi. Wageni walipouliza mbwa wa kizungu tumempata wapi, mume wangu aliwakalisha akawasimulia jinsi memsahibu alivyokuja kumnyang'anya, na yeye akasimama mlangoni, akamwambia usoni: ukishampa mtu kitu si chako tena. Kila mara alikuwa mrefu zaidi na memsahibu alilia zaidi. Wageni walitikisa vichwa, wakasema Karani ni mwanamume. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Sikumsahihisha, maana kumsahihisha mtu ni kumpa cheo.

Mbwa alizeeka, akawa kiziwi, akapunguza kuchimba. Alikufa kiangazi kimoja, amelala kwenye kivuli cha nyumba. Mume wangu alilia, akataka tumfanyie sanduku. Nikachukua jembe nikachimba mwenyewe kando ya shamba la mihogo, nikamfukia na gunia alilokuwa akilalia, nikarudi jikoni kwa sababu watoto walikuwa hawajala.